Ng'ombe wa Damu Mbili

Ukienda sokoni Kikula, mjini Likasi, ukataka maziwa, muuzaji atakuonyesha kopo. Ndani ya kopo mna unga mweupe. Utatia vijiko vya unga katika kikombe cha maji moto, utakoroga, utakunywa. Unga huo umetoka mbali sana. Ng'ombe waliokamuliwa maziwa hayo hawakuona nchi ya Katanga hata siku moja. Maziwa mabichi ya hapa hapa ni machache, na bei yake huwashinda wazazi wengi.

Kwa nini? Je, hatuna majani? Majani tunayo. Mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili, na mabonde ya mto Lufira hujaa majani marefu kuliko mtu. Maji pia yapo. Lakini tangu zamani nchi hii ina adui wawili wa ng'ombe. Wa kwanza ni mbung'o, inzi yule anayeuma na kutia katika damu ya mnyama ugonjwa wa nagana. Mbung'o hupenda vivuli vya misitu yetu ya miombo. Ndiyo sababu wazee wa Wasanga walijua mbuzi na kuku kuliko ng'ombe. Wa pili ni kupe, mdudu mdogo anayeshika ngozi na kunyonya damu, naye pia huleta magonjwa.

Siku za ukoloni makampuni ya nyama yalifuga ng'ombe wengi juu ya uwanda wa Biano, kaskazini-magharibi ya Likasi. Kule juu ni baridi, miti ni michache, na mbung'o hawapendi kukaa. Lakini ng'ombe wale walikuwa wa nyama. Mtu akitaka ng'ombe wa maziwa hukutana na swali jingine, gumu kuliko la inzi: ng'ombe gani? Swali hilo ndilo somo letu la leo.

Ng'ombe wa dunia ni wa namna mbili. Wa kwanza ana nundu mgongoni, karibu na shingo. Ngozi yake ni legevu, na chini ya shingo inaning'inia kama nguo. Huyu ndiye ng'ombe wa nchi za joto, wa Afrika ya Mashariki na wa Bara Hindi. Wa pili hana nundu. Mgongo wake umenyoka. Huyu ni wa Ulaya. Aliye mashuhuri kwa maziwa anaitwa Friesian, mwenye mabaka meusi na meupe, aliyetoka Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini.

Sasa fanyeni hesabu. Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, ndama akiisha kunyonya, humpa mwenyewe litri 1, au 2, pengine 3 kwa siku. Tena si mwaka mzima. Tuseme ni litri 2 kwa siku 200: ni litri 400. Friesian wa Uholanzi hutoa zaidi ya litri 8,000 kwa mwaka. Basi ng'ombe wetu ishirini ndio sawa na mmoja wa kule.

Mtu mwenye haraka atasema: "Tuwaache hawa, tulete wale!" Wengi katika Afrika walisema hivyo. Walitoa fedha nyingi, wakaleta ng'ombe wa Ulaya, na baada ya muda mfupi wakachimba mashimo ya kuwazika.

Tusimdharau ng'ombe wa nundu. Maziwa yake ni machache kwa sababu hakuna aliyemchagua kwa ajili ya maziwa. Kwa maelfu ya miaka alichaguliwa na jua, na kiu, na kupe, na njaa ya kiangazi. Aliyeshindwa alikufa, aliyeweza alizaa. Leo ngozi yake hutoa jasho vizuri, na joto halimsumbui. Anaweza kutembea mbali kutafuta maji. Akila majani makavu ya Septemba hukonda, lakini hafi. Hata maziwa yake huyatoa kwa akili ya porini: wengi wa kabila hili hawaachii maziwa mpaka ndama aonje kwanza. Ndama akifa, mama hukauka.

Ng'ombe wa Ulaya alichaguliwa na mtu mwenye ndoo. Kizazi baada ya kizazi mkulima alibakiza binti za ng'ombe waliojaza ndoo, na wengine akawachinja. Alimjengea mnyama zizi, akamletea chakula mdomoni, akamtibu. Basi ng'ombe huyu ni kama tanuru kubwa la kuyeyushia shaba: hutoa mali nyingi, lakini lazima alishwe bila kukoma. Na kama tanuru, ana moto ndani. Kusaga majani mengi tumboni na kutengeneza maziwa mengi huzaa joto mwilini. Katika nchi ya baridi joto hilo hutoka upesi. Mwezi wa Oktoba katika Katanga halina pa kutokea. Mnyama huhema, huacha kula, na asipokula maziwa hupungua. Kisha kupe humpata akiwa dhaifu, naye hakurithi kwa wazee wake kinga yoyote ya kupigana na magonjwa ya kupe.

Tunao basi mmoja anayeishi bila kutoa, na mwingine anayetoa bila kuishi. Wafugaji wakajiuliza: je, wakioana?

Jike la nundu akipandishwa na fahali la Friesian, baada ya miezi tisa na siku chache huzaliwa ndama mwenye nusu ya damu ya baba na nusu ya damu ya mama. Mnyama wa namna hii huitwa chotara. Nundu yake ni ndogo sana, au haionekani. Huyu mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, hukua upesi kuliko jamaa wa mama yake. Wengi wa kienyeji huzaa mara ya kwanza wakiwa na umri wa miaka minne hivi. Chotara aliyelishwa vema huweza kuzaa akiwa na mitatu au chini yake. Na akizaa, mfugaji wa kawaida hupata litri 5, au 8, au hata 10 kwa siku, tena kwa miezi mingi.

Tazameni vizuri jambo hili. Mngedhani kwamba chotara atakuwa katikati kabisa kati ya baba na mama. Kwa wingi wa maziwa yuko karibu na hapo. Lakini kwa afya, kwa kuzaa kila mwaka, kwa kukuza ndama, mara nyingi huwapita wazazi wote wawili wakiishi mahali pamoja naye. Hii ndiyo nguvu ya uchotara. Watu wa mahindi wanaijua pia: mbegu chotara huzaa magunia mengi kuliko mbegu mbili zilizoizaa. Sababu yake ni hii. Kila kabila lina udhaifu wake uliofichika katika damu. Watoto wa makabila mawili ya mbali hupokea kwa mzazi mmoja nguvu pale ambapo mwingine alimpa udhaifu, na udhaifu hufunikwa.

Hapa hatari inaanza. Fikirini mzee mmoja wa Kambove. Ana chotara wa nusu kwa nusu, jina lake Furaha. Anakamua litri 8. Litri 2 zinabaki nyumbani, watoto wanakula bukari kwa maziwa. Litri 6 zinauzwa, na kwa fedha hiyo watoto wawili wanalipiwa masomo ya sekondari. Mzee anapiga hesabu: "Nusu ya damu ya Ulaya imenipa litri 8. Nikiongeza damu, nitapata 12." Anatafuta tena mbegu ya Friesian kwa Furaha.

Ninyi mnajua hesabu ya sehemu. Twende pamoja naye. Ndama wa Furaha atakuwa na nusu nzima kutoka kwa baba, na nusu ya nusu kutoka kwa mama. Nusu na robo ni robo tatu. Ndama wa huyo, akipandishwa tena na Friesian, atakuwa na sehemu saba za nane. Atakayefuata, kumi na tano za kumi na sita. Ng'ombe wa nundu yu karibu kwisha katika zizi lile, kama chumvi inayozidi kuongezewa maji.

Mtoto wa robo tatu ni mzuri wa kutazama. Ni mkubwa, ana mabaka, kiwele chake ni kipana. Katika miezi ya mvua anatoa litri 11, na mzee anacheka. Mke wake anatazama majani yanayoisha. "Baba Yowani," anasema, "huyu anakula kuliko mama yake." Mwezi wa Agosti majani yamekuwa meupe. Ng'ombe anaanza kuyeyusha nyama ya mwili wake mwenyewe apate kutengeneza maziwa. Mifupa inaonekana. Hashiki mimba mwaka ule, wala mwaka wa pili. Jike asiyezaa hana maziwa. Hivyo ndoo ya litri 11 imekuwa ndoo tupu. Wiki tatu anaachwa bila kuogeshwa kwa dawa ya kupe, anapata homa, anakufa. Na masomo ya watoto wale wawili yalikuwa ndani ya ndoo ile.

Mzee huyu ni wa mfano, lakini mambo yake ni ya kweli. Wataalamu waliolinganisha chotara wa sehemu mbalimbali katika nchi za joto wameona jambo lile lile mara nyingi: tangu damu ya kienyeji tupu mpaka nusu, maziwa huongezeka sana, ikipita nusu, faida hupungua, na mahali pa joto na chakula kidogo hugeuka hasara. Hii si sheria ya kila mahali. Juu ya milima ya Kenya, au katika Masisi kule Kivu, ambako ni baridi na majani hayakauki sana, mnyama wa robo tatu huweza kukaa vema. Kila nchi ina kipimo chake.

Mzee mwingine ni mwangalifu. Anasema: "Nimeridhika na nusu. Nitachukua fahali la nusu na jike la nusu, nipate nusu milele." Hesabu yake ni sawa: nusu na nusu huzaa nusu. Lakini ndama hawafanani na mama zao. Mmoja ana maziwa, mwingine hana. Mmoja anastahimili joto, ndugu yake anahema kama Mzungu aliyefika jana.

Aliyefungua fumbo hili hakuwa mfugaji wa ng'ombe. Alikuwa mtawa wa Mtakatifu Augustino, jina lake Gregor Mendel, katika mji wa Brno, nchi inayoitwa leo Cheki. Tangu mwaka 1856 alipanda mbaazi za Ulaya katika bustani ya monasteri. Alichanganya mbaazi ndefu na mbaazi fupi. Watoto wote walikuwa warefu; ufupi ulionekana kana kwamba umepotea. Akawaacha watoto hao wazae wenyewe kwa wenyewe. Akahesabu wajukuu, mmoja mmoja: warefu 787, wafupi 277. Ufupi haukupotea; ulikuwa umejificha. Alichapisha habari zake mwaka 1866, na karibu hakuna aliyezijali mpaka yeye alipokuwa kaburini.

Ndivyo ilivyo kwa chotara wetu. Kizazi cha kwanza udhaifu umefunikwa. Kizazi cha pili, chotara kwa chotara, baadhi ya ndama hupokea udhaifu ule ule kwa baba na kwa mama, nao unatokea nje. Nguvu ya uchotara hupungua karibu nusu. Na maziwa si jambo la mbegu moja kama urefu wa mbaazi. Hutengenezwa na mamia ya mbegu ndogo ndogo za urithi pamoja. Kwa hiyo mchanganyiko wa wajukuu ni mwingi mno.

Tufanye nini basi? Watu wa Afrika ya Mashariki wamejaribu njia kadha, na mbili zafaa tuzijue.

Njia moja ilijaribiwa Kilifi, pwani ya Kenya, karibu na bahari, mahali pa joto kali. Katika shamba kubwa moja la huko walitumia makabila mawili. La kwanza ni Ayrshire, ng'ombe wa Uskochi. La pili ni Sahiwal, ng'ombe mwekundu wa Punjab, katika Pakistan ya leo. Huyu Sahiwal ana nundu, anavumilia joto, na kupita wengi wa jamaa zake wa nundu ana maziwa mazuri. Walifanya zamu. Jike aliyezaliwa kwa fahali la Ayrshire hupandishwa na Sahiwal. Binti yake hupandishwa na Ayrshire. Mjukuu tena Sahiwal. Mkifanya hesabu ya sehemu mtaona kwamba baada ya vizazi kadha damu ya kabila moja hupanda mpaka theluthi mbili, kisha hushuka mpaka theluthi moja, kisha hupanda tena, wala haiishi. Sehemu kubwa ya nguvu ya uchotara hubaki. Wataalamu Gregory na Trail waliandika habari za ng'ombe hao mwaka 1981, na watu wa nchi nyingi wamezisoma. Njia hii ni nzuri, lakini inataka kumbukumbu safi. Ukisahau baba wa ng'ombe wako alikuwa nani, zamu imevunjika.

Njia ya pili ni ndefu, nami naona ndiyo ya ajabu zaidi: kuumba kabila jipya. Jambo hili lilifanyika Mpwapwa, katika mkoa wa Dodoma, Tanzania. Pale Wajerumani walifungua nyumba ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo mwaka 1905. Nchi ile ni kavu, mvua chache, kiangazi kirefu. Ng'ombe wa Wagogo walikuwa wadogo, wagumu, wenye maziwa ya kujaza kibuyu kidogo. Wataalamu, mmoja wao H. G. Hutchison, walichanganya ng'ombe hao na Sahiwal na Red Sindhi, wote wa nundu kutoka Bara Hindi, wakaongeza Boran wa Afrika ya Mashariki, na damu kidogo tu ya Ulaya, hasa Ayrshire. Kisha wakafanya kazi ile ngumu ambayo mzee wetu wa pili hakuifanya: waliwapima wajukuu wote, wakabakiza wazuri, wakawaondoa wabaya, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1958 ng'ombe hao walipewa jina la Mpwapwa. Damu yao ni hivi: yapata theluthi moja Red Sindhi, karibu kiasi hicho hicho Sahiwal, sehemu moja ya tano ng'ombe wa kienyeji, sehemu moja ya kumi Boran, na iliyosalia ya Ulaya.

Angalieni: sehemu ya Ulaya ndiyo ndogo kuliko zote. Wale wa Mpwapwa hawakuuliza, "Nani ana maziwa mengi duniani?" Waliuliza, "Nani ana maziwa mengi miongoni mwa wale wanaoweza kuishi hapa?" Hata hivyo kazi yao haikuenea kama ilivyostahili. Wafugaji wengi walivutiwa na mabaka ya Friesian, na leo ng'ombe wa Mpwapwa wa damu safi ni wachache, hata wanahesabiwa miongoni mwa makabila ya ng'ombe yaliyo katika hatari ya kupotea.

Labda mtauliza: fahali la Ayrshire au la Sahiwal litafikaje Likasi? Siku hizi si lazima fahali mwenyewe asafiri. Mwaka 1949 huko London wataalamu waligundua kwamba mbegu ya dume ikitiwa dawa iitwayo gliserini huweza kugandishwa bila kufa. Mwaka 1951 huko Uingereza alizaliwa ndama wa kwanza kwa mbegu ya fahali iliyogandishwa. Leo mbegu hutiwa katika mirija midogo, na mirija huwekwa ndani ya chombo cha naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Mganga wa mifugo huileta na kumpandisha jike kwa mkono wake. Kenya na Tanzania zina vituo vya serikali vya kazi hiyo: Kabete karibu na Nairobi, na Usa River karibu na Arusha. Lakini naitrojeni huvukizwa siku kwa siku. Barabara ikiharibika na chombo kikakauka, mbegu zote zimekufa, hata kama mirija inaonekana mizima.

Kwa nchi yetu ya Likasi, mwenye jike la nundu aanze na nusu, kisha afuate zamu. Lakini kabla ya mbegu atazame kiangazi. Majani ya tembo apande wakati wa mvua, akate na kukausha mengine mwezi wa Machi na Aprili, kabla hayajawa miti. Mabua ya mahindi asiyachome. Maji ayapime: ng'ombe hutaka litri 3 au 4 za maji kwa kila litri ya maziwa, juu ya yale ya mwili wake. Anayetoa litri 8 huweza kumaliza ndoo nne kubwa kwa siku, na zaidi siku za joto. Kama kisima ki mbali na mchotaji ni mtoto mmoja, ng'ombe huyo ni mkubwa mno kwa nyumba hiyo. Kupe waondolewe kila juma kwa dawa. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywa, kwa maana kifua kikuu na homa nyingine hupita humo.

Awe na daftari pia. Mwanafunzi wa darasa la nne aweza kulishika: jina la ng'ombe, jina la baba yake, siku aliyopandishwa, siku aliyozaa, litri za asubuhi, litri za jioni. Baada ya miaka miwili daftari litamwambia baba jambo ambalo macho hayawezi: kwamba yule mweusi mdogo, asiyesifiwa na mtu, ametoa kuliko yule wa mabaka, kwa sababu hakukauka na alizaa kila mwaka.

Na ndama dume wa chotara? Ahasiwe mapema, alishwe, auzwe kwa nyama au afundishwe kuvuta mkokoteni. Asiachwe azurure na majike ya jirani, maana baba yake akiwa hayumo katika daftari la mtu yeyote, watoto wake nao hawatakuwamo.